Salongo Haimwiti Mzazi

Shemeji yangu Godelive hakuajiriwa na mtu. Aliajiriwa na ufagio. Naanza hapo kwa sababu watu wa avenyu yetu, mtaa wetu huu wa hapa Bunia, wamezua mengi juu yake: mara amelogwa, mara amepata bwana mzungu huko porini, mara akili zilimruka siku mume wake alipozikwa. Uongo mtupu. Mimi ni Prudent, mdogo wake huyo marehemu mume, Edouard. Nafundisha darasa la sita, na habari isiyo na kichwa wala miguu hunikera kuliko chaki mbovu. Basi wacha niisimulie inavyotakiwa.

Godelive ni mtu wa upande wa Mahagi, kama sisi. Kaka yangu alimleta Bunia akiwa msichana mwembamba mwenye sauti nzito. Tulimcheka ile sauti kwa wiki nzima, halafu siku moja akatukaripia nayo, na hatukucheka tena. Kazi yake ilikuwa samaki. Alishuka Kasenyi ziwani, akapanda na mabeseni yake, akauza wabichi na wa chumvi, akarudi nyumbani akinuka ziwa. Na kabla ya hayo yote, kila alfajiri, alifagia.

Lazima nieleze huko kufagia, maana bila hilo hakuna atakayeelewa kosa lake. Kwetu mwanamke hupimwa kwa uwanja wa nyumba yake. Uwanja ukiota majani, hata kidogo karibu na ukuta, wapita njia huulizana kama mwenye nyumba anaumwa. Majani ni nyoka, majani ni uvivu, majani ni aibu ya ukoo mzima. Uwanja wa Godelive ulikuwa udongo mtupu, mwekundu, wenye mistari ya ufagio iliyonyooka kama daftari la mwanafunzi wangu bora. Kuku wenyewe walipita pale kwa adabu.

Edouard alipofariki kwa ugonjwa wa ini, ukoo ulikaa kikao ukaamua mjane abaki kwenye nyumba yake, karibu na yangu, na binti yao wa pekee, Joëlle, ambaye anashona nguo sokoni. Godelive alisikiliza, akashukuru, akaendelea na samaki wake. Tukadhani mambo yamekwisha.

Sasa, nje kidogo ya mji, kwenye njia ya Bogoro, kuna mahali panaitwa Kimbilio. Alipaanzisha Daktari Roger, mganga wa mifugo, mtu mpole anayesahau kula. Huko anatunza wanyama walionyang'anywa wafanyabiashara na wale waliojeruhiwa: nyani, kasuku, kobe, fisi maji wawili kutoka ziwani, tai mwenye jicho moja. Na korongo wawili wenye taji, dume na jike, ambao tajiri mmoja alikuwa amewavunja mabawa ili wasiruke watoke bustanini mwake. Godelive alikuwa akiwapelekea fisi maji vichwa vya samaki ambavyo wateja hawavitaki.

Siku moja akafika na beseni lake akakuta hakuna mtu langoni. Mtunza bustani alikuwa ameondoka kwenda kuchimba dhahabu, bila kuaga, na majani yalikuwa yamefika magotini. Godelive akaweka beseni chini.

"Daktari, ufagio iko wapi?"

"Mama, sina franka ya kulipa mutu," Roger akamjibu. "Mutu ya kazi nitatafuta kisha."

"Nimekuuliza ufagio. Franka nimekuuliza?"

Akafagia mpaka jioni. Kesho yake akarudi na jembe lake mwenyewe. Baada ya mwezi akahamia kwenye chumba kimoja kando ya ghala la chakula cha wanyama, na kitanda, na sufuria mbili, na picha ya Edouard. Bila mshahara. Chumba, ugali wa kila siku, na kazi isiyokwisha, basi.

Mimi nilikasirika. Ukoo ulinituma, nami nikapanda pikipiki na suti yangu, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno.

"Shemeki, unataka batu baseme nini?" nilimwambia. "Kwamba mujane wa Edouard hatuwezi kumulisha, sasa anaishi na makako ya pori?"

"Makako haiulize siku moja nitaolewa tena na nani," alinijibu, huku anaendelea kulima. "Weye na ndugu zako munaniuliza kila Siku ya Mungu. Shika ile karai, Mwalimu, usisimame bure."

Nikashika karai. Yaani nilikwenda kumrudisha mtu, nikarudi nyumbani na malengelenge. Hivyo ndivyo alivyo. Mgeni, wengine humpa jembe siku ya tatu. Yeye humpa kabla hajakaa.

Nilipomuuliza Roger kama ameridhika naye, alicheka akasema tangu afike hajawahi kumwona amekaa. Alizibua mifereji. Alipanda ua wa minyaa na michongoma pale waya ulipokatika. Alichimba shimo la taka, akatengeneza vijia, akajenga kibanda cha kivuli kwa kobe. Na aliyafanya yote akizungumza na wanyama kama anavyozungumza na wateja sokoni, kwa kuwasuta. Tai wa jicho moja alimwita "bwana mukubwa".

Kosa lake lilikuja katika mwezi wake wa pili pale. Chini ya Kimbilio, kati ya zizi la korongo na barabara, kuna kinamasi kidogo chenye nyasi ndefu kuliko mtu. Godelive alikuwa ameitazama ile nyasi tangu siku ya kwanza kwa jicho la mama wa nyumbani. Ilimkera. Ilikuwa kama mtu kaacha sahani chafu mezani mwa mgeni. Basi asubuhi moja, Roger akiwa mjini, alishuka na panga akaikata yote, akakusanya, akafagia ukingo wa maji mpaka udongo ukaonekana. Alipomaliza alisimama juu ya kilima, mikono kiunoni, akafurahi. Kila mwanamke wa Bunia angefurahi.

Roger aliporudi hakumfokea. Alimshika mkono tu, akampeleka mahali jike la korongo lilipokuwa limeanza kutaga. Kiota kilikuwa wazi, jua likikipiga. Yai lilikuwa moja, la rangi ya maziwa, baridi. Wale ndege wawili walikuwa wamesimama mbali, kule kwenye waya, wameyapa mgongo maji. Roger akamweleza: korongo hatagi mahali anapoonekana; akifunuliwa, anaacha, hata yai likiwa lake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wale ndege wafike kujaribu kutaga.

"Siku ile alilia mbaya," Roger aliniambia baadaye. "Mimi nilizani ni juu ya yai."

Tangu siku hiyo Godelive aliiacha nyasi iote. Aliendelea kufagia kwingine kote kwa ukali uleule, lakini akifika kwenye kinamasi alisimama, akaweka ufagio chini, akapita pembeni kama mtu anayepita mbele ya kanisa. Nyasi ikarudi mpaka kiunoni, kisha mabegani. Mwaka ukapita. Na kiangazi kilichopita, korongo wakaingia tena ndani yake na hawakutoka. Roger alichungulia kwa mbali na darubini akahesabu mayai matatu. Dume na jike wanapokezana kulalia; mmoja anakaa, mwenzake anazunguka pembeni.

Godelive hakuniambia kwamba ana furaha. Aliniambia, "Mwalimu, ukipita pale funga kinywa." Kwake hiyo ndiyo furaha.

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku hizi mjini kuna waporaji wanaotusumbua, nao wakapata maficho. Rebecca, mama anayeuza mandazi, anayepita njia ile alfajiri na ndoo yake kichwani, alivamiwa na wanaume wawili waliotokea kwenye nyasi ya Kimbilio. Walimnyang'anya simu, wakamkata kiganja alipojaribu kuishika. Mtaa mzima ukawaka. Na watu walikuwa na haki. Hapa kwetu nyasi ndefu kando ya barabara si jambo la kuchekea. Tumeona mengi yakitoka ndani ya nyasi.

Shefu wa avenyu ni Mama Élise, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, asiyependa maneno mengi. Akatangaza: salongo ya Jumamosi itafanyika Kimbilio. Salongo, kwa asiyejua, ni kazi ya pamoja ya asubuhi: maduka yanafungwa, kila nyumba inatoa mtu na chombo chake, mifereji inazibuliwa, majani yanakatwa. Nyasi ya kinamasi ilale yote, na mabaki yachomwe. Kwenye avenyu yetu wanaosamehewa salongo ni wawili tu, mwenye matanga na mzazi aliyejifungua.

Bahati mbaya, Roger alikuwa amekwenda Ariwara kuchukua kasuku waliokamatwa sokoni. Simu yake haikupatikana. Mayai yalikuwa karibu kuanguliwa. Godelive alikuwa peke yake.

Nilikwenda Jumamosi hiyo asubuhi mapema, na sikwenda kumsaidia. Nilikwenda kumwambia kwamba mambo yamekwisha: nyasi itakatwa, ndege wataondoka, naye afunge vyombo vyake arudi nyumbani kabla jina letu halijachafuka kwa sababu ya kugombana na mtaa. Hotuba nzima nilikuwa nimeipanga njiani.

Nikamkuta amehamisha kitanda. Kilikuwa nje, kati ya barabara na kinamasi, chini ya turubai lililofungwa kwenye miti minne. Na kando ya barabara yote, tangu langoni mpaka kwenye daraja, alikuwa amekata nyasi mwenyewe, upana wa kutosha gari kupita, akaifagia. Kazi ya watu kumi. Kilichobaki ni kichaka kimoja tu katikati ya maji, na ndani yake kiota. Yeye alikuwa amekaa kitandani, macho mekundu, viganja vimepasuka.

"Ulilala huku?" nilimuuliza.

"Tangu Rebecca akatwe. Mwizi akitaka kujificha mule, atanikuta miye kwanza."

"Shemeki, una kichaa."

"Iko vizuri. Kaa hapa, batu banakuya."

Kweli walikuja, wengi kuliko nilivyodhani, na majembe na mapanga, wakiimba kidogo kama watu wanavyoimba salongo. Mbele Mama Élise na filimbi yake. Nyuma yake Rebecca, mkono mmoja umefungwa kitambaa, panga katika ule mwingine. Godelive akasimama mbele ya turubai lake. Mimi nikasogea pembeni na hotuba yangu.

"Mama Joëlle, jambo," Mama Élise alisema. Ndivyo watu wazima wanavyomwita Godelive, kwa jina la mtoto wake. "Naona umefanya kazi mingi. Aksanti. Sasa tumalizie ile imebakia."

"Ile imebakia haikatwe, Mama Shefu. Salongo haiite muzazi."

Watu wakatazamana. "Muzazi gani?" mwanamume mmoja akauliza. "Ni weye?" Kicheko kikalipuka.

"Iko mule ndani ya nyasi. Bwana yake naye ule pale anazunguka. Mayai iko tatu."

"Ndege si mutu, Mama!"

"Nilisema ni mutu? Nilisema ni muzazi."

Wakacheka tena, lakini safari hii wanawake walicheka kidogo tu. Mama Élise hakucheka kabisa. Alisema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko filimbi.

"Mama Joëlle, siye tunakuheshimu. Lakini angalia mukono ya Rebecca. Tungoje nini? Bauwe mutu? Ile nyasi inaficha batu babaya. Unajua muzuri kabisa."

Godelive alimtazama Rebecca. Akamsogelea, akautazama ule mkono uliofungwa kitambaa. Nilidhani amekubali.

"Rebecca, pole," alisema. "Mukono yako naiona, na sikatae. Ni kweli, nyasi inafichaka batu babaya. Lakini miye, nyasi ilinificha. Mwaka ya vita, pale tulikuwa tunakimbia kuenda ku ziwa, Edouard alitangulia na mizigo kutafuta mutumbwi. Uchungu ikanikamata njiani. Masasi ya bunduki ilikuwa inalia nyuma. Niliingia mu nyasi, nyasi kama ile pale, peke yangu, nikazaa Joëlle mule. Batu ba bunduki bakapita karibu. Nilisikia viatu yao. Nilisikia mumoja anakohoa. Nikasema, mutoto akilia, tumekufa. Mutoto hakulia."

Hakuna aliyesogea. Hata dume la korongo, kule pembeni, lilikuwa limesimama.

"Bakapita. Nikafunga mutoto na kitenge, nikasimama, nikatembea. Hakuna mutu alinipikia uji. Hakuna mutu aliniambia, mama, kaa ndani. Nilitembea siku ile ile mpaka ziwa. Edouard alinikuta ku pwani, nimesha kuzaa, na alisikia haya mpaka kifo yake, ndiyo maana hatukusemaka. Nyasi ndiyo ilinisaidia. Hakuna mutu, hakuna ndugu. Nyasi tu. Na miye huyu, nilipofika hapa, nilikamata panga nikakata nyasi ya mama mwengine, yai yake ikafa. Sitafanya vile mara mbili. Munisamehe. Mukitaka kukata, munikate miye kwanza."

Mimi nilisimama pale na suti yangu. Tulikuwa tumeambiwa Joëlle alizaliwa Kasenyi, kwa mkunga, salama. Kaka yangu ndiye aliyetuambia. Ndiye aliyeniambia, mimi mdogo wake, na nikamwandikia pongezi. Nililia mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, na sioni haya kusema.

Ila sikulia peke yangu. Hapa Bunia, kati ya wanawake wenye umri ule, tafuta asiyewahi kulala ndani ya nyasi. Nilimwona mmoja ameketi chini na kujifunika uso kwa kitenge. Mwingine alikuwa anatikisa kichwa, anasema peke yake, "Siye wote. Siye wote."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Rebecca ndiye aliyesogea kwanza. Alikuwa na sababu kuliko wote ya kuichukia ile nyasi. Akaweka panga lake chini, mbele ya kitanda, akauliza kwa sauti ya hasira, kama anayemgombeza mtu:

"Basi uji, mpaka leo, haujakunywa?"

Godelive hakuelewa. "Uji gani?"

"Ya kuzaa! Uji ya kuzaa!"

Na Rebecca akageuka akashika njia ya nyumbani, karibu anakimbia, mkono wake mbovu umeubana kifuani.

Mama Élise alipuliza filimbi. Nadhani alipuliza ili asilie. Alitoa amri mbili. Ya kwanza, kichaka cha kiota kisiguswe mpaka vifaranga vitoke, na vijana wa avenyu wapokezane kulinda barabara alfajiri. Wengine wote waende upande wa daraja, mfereji umeziba. Amri ya pili ilikuwa ya Godelive.

"Sheria ni sheria. Kwetu siye batu ya Mahagi, akizaa mutoto mwanaume, mama anakaa ndani siku tatu, mutoto mwanamuke ni siku ine. Joëlle ni mwanamuke. Ingia mu nyumba. Siku ine usishike jembe, usishike ufagio, usishike hata sufuria."

"Mama Shefu, muache muchezo. Nani atalisha banyama? Nani atafagia?"

Macho yote yakanigeukia.

"Mwalimu iko hapa," Mama Élise alisema.

Nimefundisha darasa la sita katika shule yenye mapaa yanayovuja, nimesahihisha mitihani kwa mshumaa, lakini sijawahi kuchoka kama nilivyochoka siku zile nne. Niliomba ruhusa shuleni kwamba kuna uzazi katika ukoo, na haukuwa uongo. Fisi maji waliniibia kiatu. Nyani walinirushia maganda. Nilifagia vijia na Godelive akanipigia kelele kutoka dirishani kwamba mistari yangu imepinda. Roger aliporudi kutoka Ariwara na makasha yake ya kasuku alinikuta na karai kichwani, akasimama langoni, akafikiri amekosea mahali.

Kitanda kilirudishwa ndani, na wanawake wakaja kwa zamu. Mwanzoni walikuja wakicheka, kwa mchezo, mmoja na uji, mmoja na kuni, mmoja na maji ya moto. Kufikia jioni ya siku ya kwanza mchezo ulikuwa umekwisha. Waliingia kwenye kile chumba kimoja, wakafunga mlango, na nilisikia sauti zao za chini, kila mmoja akisimulia nyasi yake. Sikusogea karibu. Yapo mambo ambayo shemeji hasikilizi.

Siku ya tatu mayai yalianguliwa. Mawili kati ya matatu. La tatu halikuwa na kitu. Roger alinipa darubini nikaona kifaranga cha rangi ya kahawia, manyoya yamelowa, kinajaribu kusimama kati ya miguu mirefu ya mama yake na kuanguka. Nilikimbia mpaka dirishani kumwambia Godelive. Nilisikia kitanda kikilia, anainuka, kisha sauti ya Rebecca: "Kaa! Ni kesho!" Kitanda kikalia tena. Alikaa. Katika maisha yake yote ile ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akimtii mtu.

Siku ya nne Joëlle alikuja kutoka mjini. Nilikuwa nimempigia simu nikamwambia sehemu tu, mengine hayakuwa yangu. Alifika amevaa gauni aliloshona mwenyewe, msichana mrefu kuliko mama yake kwa kichwa kizima, akaingia ndani bila kunisalimia. Walikaa huko muda mrefu. Nje, wanawake walikuwa wamejaa kwenye ule uwanja niliokuwa nimeufagia kwa mistari iliyopinda, na Mama Élise ameweka filimbi yake ndani ya nguo.

Kwa desturi siku hiyo mzazi hutoka na mtoto mikononi au mgongoni. Mlango ulipofunguliwa Godelive alitoka ameshikana mkono na binti yake, wote wawili macho yamevimba. Vigelegele vikaanza, lakini Rebecca akavikatiza.

"Hapana! Si vile. Mubebe!"

"Rebecca, utaniua. Ona urefu yake."

"Mubebe, Mama Joëlle."

Godelive akatugeuzia uso, akainama kama mama anayeinama kupokea mtoto mgongoni. Joëlle alisita, kisha akamlalia mgongoni, akamzungushia mikono shingoni. Wanawake wawili wakawafunga kwa kitenge, wakikaza fundo juu ya kifua cha Godelive. Watu walicheka, kwa sababu miguu ya yule msichana ilikuwa inaburuta chini. Godelive akaanza kutembea, hatua ndogo, akishuka kuelekea kwenye kinamasi, na sisi sote nyuma yake.

Karibu na nyasi Joëlle alianza kulia. Alijaribu kujizuia, alijificha uso kwenye shingo ya mama yake, mabega yakimtetemeka bila sauti. Godelive akasimama. Akaweka mkono nyuma, akampigapiga kiunoni, taratibu.

"Lia," alimwambia. "Lia na nguvu, mama yangu. Hakuna mutu anapita."